Mizani ya Wote, Daftari la Wawili: Wito kwa Wafanyabiashara na Wateja wa Pemba

Ndugu zangu wa Pemba, wenye maduka na vigenge, wachuuzi wa samaki, akina mama wa mwani, na nyote mnaonunua kwa kukopa.

Karafuu isipozaa, nyumba nyingi za kisiwa hiki huishi kwa daftari la dukani. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, kisha ukapumzika. Bei tunaijua, maana mnunuzi halali ni mmoja, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ZSTC, na kwa miaka mingi kilo ya daraja la kwanza ilikuwa Sh 14,000. Tusichokijua ni mzigo utakaoshuka mtini. Juu ya hayo kuna bahari. Kusi ikivuma, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari na vyombo vikazuiwa, sukari na unga huchelewa. Bei ikipanda, mteja hajui kama iliyopandisha ni bahari au ni mwenye duka. Hapo ndipo anapoanza kutudhania ubaya sisi wenye maduka, na mara nyingi hatumpi sababu ya kuacha.

Dar es Salaam kuna mitaa ambayo ukiuliza duka lilipo utaambiwa "nenda kwa Mpemba", basi. Jina hilo halikununuliwa kwa matangazo. Wamelijenga ndugu zetu waliovuka bahari, wakafungua alfajiri na kufunga usiku, wakauza mafuta ya kupimwa na sukari ya robo, na wakamkopesha jirani mpaka mwisho wa mwezi. Heshima waliyoijenga ugenini tuitunze nyumbani, na tuitunze kwa pamoja. Duka moja lenye mizani iliyochezewa huyatia doa maduka yote ya barabara ile.

Tuanze na kipimo. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi. Tazameni jioni karafuu mbichi zinapopimwa: yuko mpimaji anayesawazisha mdomo wa pishi kwa kiganja, na yuko anayemimina mpaka kilele kimwagike, kisha akahesabu pishi moja. Aliyeshinda mtini anaona. Hasemi, kwa sababu kesho anaitaka kazi tena. Lakini kesho hiyo naye ataacha makonyo ndani, na mwenye karafuu atazikusanya jamvini kabla hazijakauka ili uzito uongezeke. Tunasimuliwa kuwa Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumeloa, akamuuliza muuzaji kwa nini hakukiweka kilicholoa juu watu wakakiona. Sote tumekisikia kisa hicho chuoni tukiwa watoto.

Naomba basi kila soko letu, Chake Chake, Wete, Konde, Mkoani, liwe na mizani moja ya wote, iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na iwekwe mahali ambapo mteja atapima alichonunua bila kuomba ruhusa ya mtu. Tuchangiane wenyewe wenye biashara, tusingoje mfadhili. Na siku chombo kikichelewa, tuandike ubaoni mbele ya duka: mfuko tuliununua kiasi gani, usafirishaji umepanda kiasi gani, kilo tunauza bei gani. Najua wapo watakaosema hiyo ni siri ya biashara. Nawaheshimu, lakini siri hiyo inatugharimu. Mteja akiona kwa macho yake kuwa faida yetu ni ndogo, ataivumilia bei.

Jambo linaloniuma zaidi ni deni. Kwenye maduka yetu deni huandikwa katika daftari la skuli, kona zimejikunja kwa mafuta ya kula: jina, nusu ya sukari, unga kilo mbili, tarehe mara ipo, mara haipo. Daftari ni moja, na liko kwa muuzaji peke yake. Msimu ukifika mteja anasikia jumla asiyoikumbuka. Analipa huku ananung'unika, au halipi, akaanza kupita njia ya nyuma. Wawili hawa huenda wote ni wakweli, hawana tu cha kuwaamulia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Kila mkopaji awe na kijidaftari chake, kiandikwe palepale, maneno yaleyale. Mazikoni kwetu jamaa wa marehemu husimama wakatangaza kuwa mwenye kumdai ajitokeze. Asimame mtu na karatasi mkononi, mayatima wasije wakaachiwa mabishano.

Nanyi wateja, wito huu unawahusu. Mwenye duka anayewakopesha naye amechukua mali kauli kwa mwenye jumla, na yule hangoji karafuu. Ukikwama, nenda umwambie kabla hajakutafuta, na ulipe hata kidogo. Wala usimwoneshe ujumbe wa simu wa malipo ambayo hukuyatuma. Vijana wanaofanya hivyo wanawafungia mlango wenzao wote.

Kuna jeraha ambalo siwezi kulipita. Baada ya uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 25, 2015 kufutwa na ule wa marudio kufanyika Machi 20, 2016, baadhi ya sehemu za kisiwa hiki zilifika pahali ambapo jirani alinyimwa bidhaa dukani kwa chama chake, na duka likasuswa kwa chama cha mwenyewe. Waliosusa walikuwa na uchungu wao, siudharau. Lakini mtoto aliyetumwa chumvi akarudishwa mikono mitupu hakupiga kura. Tuahidiane, wa chama chochote, kwamba mlangoni mwa duka mtu hataulizwa kadi ya chama, hata siku ambazo hatusalimiani.

Masheha, maimamu na viongozi wa masoko, itisheni vikao kabla karafuu za msimu ujao hazijaiva. Tukubaliane pahali pa kuweka mizani, nani atashika ufunguo wake, na malalamiko yatasikilizwa siku gani. Kila mwenye duka aje na mizani yake ikaguliwe, na kila mkopaji aje na kijidaftari kitupu.