Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kazi: Siku 60 Hazitoshi Kudai Mshahara

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,



Nakuandikia kuhusu Kanuni ya 10 ya Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007. Anayepinga kuachishwa kazi amepewa siku 30 kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine yote, madai ya mshahara yakiwemo, ina siku 60 tangu ilipoanza.

Mheshimiwa, mshahara haukatwi kwa barua. Tajiri husema biashara ni ngumu, vuta subira, mwisho wa mwezi nitakulipa zote. Mlinzi, dereva au dada wa kazi za ndani huvuta subira, kwani akikimbilia CMA anajua kibarua kitaota nyasi. Miezi miwili inapita. Anapochoka na ahadi, anaambiwa yuko nje ya muda. Aliyevumilia anaadhibiwa, aliyeahidi hewa ananufaika.

Ni kweli Kanuni ya 31 inaruhusu kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Lakini mahakama zetu hutaka kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo. Asiye na wakili, wala nauli kwa sababu hajalipwa, ataandaaje kiapo cha namna hiyo? Ahadi za bosi zilitolewa kwa mdomo. Ushahidi ataupata wapi?

Mwenye duka aliyemuuzia mkandarasi saruji kwa mkopo ana miaka 6 ya kumshtaki kwa kuvunja mkataba, chini ya Sheria ya Ukomo. Kibarua aliyeibeba saruji hiyo na kumwaga zege ana siku 60. Majirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya 2007, wameweka miaka 3.

Waajiri watasema madai ya zamani hukosa ushahidi. Mbona Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inawataka watunze maelezo ya ajira kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma?

Naomba mambo matatu. Madai ya mshahara yapewe miaka 3. Kwa aliye bado kazini, muda uanze kuhesabiwa ajira inapokoma. Na kwa kuwa sheria tayari inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali pa wazi, tangazo hilo litaje ukomo wa kudai na ofisi ya CMA iliyo karibu.

Siku hizi 60 zimo kwenye kanuni, hazimo kwenye sheria mama. Kuzibadili hakuhitaji kusubiri muswada Bungeni. Dawa ya deni ni kulipa. Tusiruhusu kalenda iwe dawa yake.

Wako katika ujenzi wa taifa.