Mahandaki ya Bigo na Nadharia ya Wageni

Anayepanda kilima cha Bigo bya Mugenyi, kusini mwa mto Katonga nchini Uganda, hakuti ukuta wala mnara, bali mahandaki, yaani mitaro iliyochimbwa kwa mikono katika udongo na mahali pengine katika mwamba, ambayo urefu wake wote unazidi kilomita 10 na kina chake, pale ambapo mvua haijaifukia, hufikia mita 4. Mitaro ya nje imezingira eneo kubwa la malisho hadi kwenye mafunjo ya mto, na ya ndani imekizunguka kilele. Uchimbaji wa kiakiolojia, yaani ufukuaji wa masalia ya kale kwa mpangilio wa tabaka zake, ulioongozwa na Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960, umesaidia kuyaweka makazi hayo baina ya karne ya 14 na ya 16.

Jarida la Rubavu linafungua toleo lake kwa mahali palipo mbali hivyo kwa sababu masimulizi ya Bigo ni ya Rwanda pia. Wachwezi, watawala mashujaa wanaotajwa katika falme za Bunyoro na Nkore kuwa ndio waliochimba mitaro hiyo, wana undugu na Ryangombe, mkuu wa mizimu ya kubandwa, ibada iliyowaunganisha watu wa Maziwa Makuu na mashujaa waliokufa. Na Wanyarwanda wa kale waliamini kwamba waliopokewa katika ibada hiyo hupumzika naye katika mlima Karisimbi, ilhali wengine huishia katika moto wa Nyiragongo, mlima uleule unaoonekana kutoka Gisenyi, mji wa Rubavu.

Juu ya masimulizi hayo ilipandikizwa nadharia nyingine. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa wafugaji wavamizi wenye asili ya Ethiopia, na waandishi wa kikoloni waliomfuata wakayasoma mahandaki kama kazi ya wageni hao. Nchini Rwanda dai hilo lilifundishwa shuleni, likamfanya mfugaji kuwa mgeni na mkulima kuwa mwenyeji, kisha likawa silaha mikononi mwa waliochochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Ndiyo maana kuizuru Bigo si matembezi tu.

Jibu la nadharia hiyo liko Ntusi, makazi makubwa yaliyo karibu na Bigo, yaliyokaliwa tangu karne ya 11 hadi ya 15. Katika majalala yake, ambayo baadhi yamekuwa vichuguu vya mita kadhaa, mifupa mingi ya ng'ombe imepatikana pamoja na vigae vya vyungu, mawe ya kusagia nafaka na mashimo ya kuhifadhia chakula, dalili za jamii iliyolima na kufuga mahali pamoja. Hata jina la ngome ambalo Bigo huitwa linastahili kupimwa, kwa kuwa mtaro wa kilomita nyingi kiasi hicho ungehitaji walinzi wengi mno, na huenda ulikusudiwa kuzuia mifugo au kuonyesha uwezo wa mtawala kuwakusanya watu kazini. Kwa hiyo msafiri wa kutoka Rubavu aanzie Ntusi, ayatazame majalala kwa subira, ndipo apande Bigo. Na waongozaji wanaomsimulia habari za Wachwezi wamsimulie pia habari za waliosaga nafaka.