Chuma cha Reli ni Mali ya Umma

Wilaya ya Kilosa ni wilaya ya reli tangu zamani. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, yapita hapo ikifuata bonde la Mto Mkondoa. Mwaka 1960 njia ya pili ilichepuka kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na mwaka 1965 ikafikishwa Kidatu. Kisha milima ya wilaya hiyo hiyo ikatobolewa mahandaki ya reli mpya ya umeme, ambayo mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Mahali palipo na reli kwa zaidi ya miaka mia moja hapakosi chuma kilichochoka: reli zilizolika, mataruma yaliyopasuka, magurudumu yaliyopungua unene, mabehewa yasiyotengenezeka tena. Chuma hiki hakiozi kama ubao. Hulala majanini, hushika kutu, na thamani yake haiishi. Ndiyo maana shirika la reli litangazapo kuuza chuma chakavu kwa jumla, wanunuzi hawakosekani.

Biashara hiyo ni halali, tena ni ya lazima, kwa kuwa chuma kilicholala bure hakimfai mtu. Lakini namna inavyoendeshwa yaweza kulijenga Taifa au kuliibia, na machoni pa mpita njia mambo hayo mawili hufanana: yeye huona lori limejaa chuma likitoka getini, basi.

Yafaa kwanza tujue uzito wa jambo lenyewe. Reli nyepesi za zamani zilikuwa na uzito wa ratili 56 kwa yadi. Zilizo nzito zaidi ni za ratili 80. Mfanya kazi yeyote wa njia aweza kupiga hesabu. Kilomita moja ya njia yenye reli mbili za ratili 56 ina chuma cha tani 55 na zaidi, bila kuhesabu mataruma wala vifungo. Ikiwa ni za ratili 80, ni tani 79. Sasa chukua mzigo wa tani 1,000 uliouzwa kwa kukadiria kwa macho. Jicho likikosea kwa tano tu katika kila mia, tani 50 zimekwenda. Hiyo ni karibu kilomita nzima ya reli nyepesi iliyotoka getini bila kulipiwa hata senti, na hapana mtu aliyevunja kufuli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari ni mizani. Lori lipimwe likiwa tupu, lipimwe tena likiwa limejaa, na tofauti iandikwe mbele ya muuzaji, mnunuzi na mwakilishi wa wafanya kazi. Tena chuma kichambuliwe kabla ya kuuzwa. Chuma cha reli ni kigumu, na kiwanda chaweza kukipasha moto na kukifinyanga upya. Bati la ubavu wa behewa halifanani nacho, na shaba ni mbali kabisa na vyote viwili. Mwenye kuvichanganya katika rundo moja na kuliuza kwa bei moja amemzawadia mnunuzi shaba kwa bei ya bati.

Lakini kabla ya mizani lipo swali kubwa zaidi: je, chuma hicho kimekufa kweli? Reli iliyotolewa katika njia kuu kwa sababu imelika yaweza kufaa miaka mingi katika njia za vituoni, ambako treni hutembea polepole. Watu wa Kilosa wayakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe. Siku kama hizo, kipande cha reli kilichohifadhiwa vizuri ghalani chazidi fedha iliyoko benki. Basi anayetia sahihi kwamba kitu ni chakavu awe fundi aliyekikagua kwa mkono wake. Asiwe karani aliyekiona kwenye orodha.

Historia yetu yatuonya. Reli ya Kusini, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa wakoloni. Mradi ulipoanguka, reli nayo ilikosa mizigo. Ikafungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Kwa mahesabu ya siku ile huenda ilionekana ni busara. Lakini watu wa Kusini walibaki bila reli, na hapana fedha ya chakavu iliyowarudishia. Njia inaweza kusinzia ikaamshwa, lakini iliyong'olewa yataka kujengwa upya tangu msingi.

Swali jingine ni nani mwenye mali. Mwaka 2007 uendeshaji wa Reli ya Kati ulikabidhiwa kampuni ya ubia kati ya Serikali na RITES ya India, na njia yenyewe ikabaki chini ya kampuni nyingine ya umma, RAHCO. Mkataba ulitazamiwa kudumu miaka 25. Mwaka 2011 ulikuwa umekwisha. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ikaviunganisha tena vyombo hivyo kuwa Shirika la Reli. Katika mpango wa namna ile mwendeshaji ni mpangaji, na njia ni nyumba ya mwenye mali. Mpangaji hang'oi mlango akauuza. Twalisema hili kwa sababu mikataba ya uendeshaji bado yaja: Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina kuhusu reli ya TAZARA. Kila mkataba wa jinsi hiyo yapasa useme waziwazi chakavu ni cha nani na fedha yake yaingia mfuko gani.

Sasa tutazame upande wa wezi. Mnunuzi mkubwa asiyeuliza chuma kimetoka wapi ndiye soko la yule anayefungua vifungo vya reli usiku. Kifungo kimoja mwizi hukiuza kwa fedha kidogo sana, lakini treni ikiacha njia mahali hapo, hasara yake haina kipimo, na maisha ya dereva na abiria hayanunuliki. Reli mpya ya umeme nayo ina nyaya za shaba, ambazo ni kishawishi kikubwa zaidi. Majirani zetu wa Kenya walifikishwa mahali pa kusimamisha biashara yote ya chuma chakavu Januari 2022, baada ya kuhujumiwa kwa minara ya umeme. Ilifunguliwa baadaye mwaka huo kwa masharti ya leseni. Wachuuzi wengi waaminifu waliumia kwa makosa ya wachache.

Dawa iliyo bora kuliko kufunga soko ni kuuza kwa uwazi. Shirika la reli la India huuza chakavu chake kwa mnada wa mtandao, ambapo kila mzigo huorodheshwa na wanunuzi walioandikishwa hushindana hadharani. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 lilipata zaidi ya rupia bilioni 50 kwa njia hiyo. Chuma kilichouzwa hadharani kina hati, na mwenye chuma cha wizi hana hati. Hapo polisi na mwananchi wanaweza kuwatambua wote wawili.

Mwisho, chuma hicho kiende wapi? Chuma cha Liganga kimezungumzwa kwa miaka mingi. Nchi isiyoyeyusha madini yake ya chuma mgodi wake ni chakavu. Viwanda vyetu vya nondo hukiyeyusha kwa tanuri za umeme, kwa nishati ndogo kuliko inayohitajiwa kuanza na mawe ya madini. Reli iliyobeba mkonge wa Kimamba na sukari ya Kilombero yaweza kuwa nondo ya shule au ya zahanati hapa hapa. Kuisafirisha ng'ambo ikiwa chakavu, kisha kuinunua ikirudi kama bidhaa, ni kulipa mara mbili kwa chuma kile kile.

Ndugu wafanya kazi wa reli, ninyi ndio mnaojua kila kipande kimelala wapi, tangu Mkata hadi Kidete, na tangu Kilosa hadi Kidatu. Siku ya kupima, simameni kwenye mizani. Ulizeni hati, na isomeni kabla ya geti kufunguliwa. Akija mtu na lori usiku bila hati, hata akijiita mkubwa, geti libaki limefungwa hadi asubuhi.