Mtoto Akitoka Ziwani Avikwe Nguo Kavu

Ukienda mwaloni Jumamosi asubuhi utawakuta akina mama wamebeba beseni la nguo chafu, sabuni na ndoo, na mtoto mgongoni. Akina baba nao huja kuosha baiskeli zao, mtoto mwingine akiwa amekaa nyuma. Kila chombo cha kazi kimekumbukwa. Ni mara chache nimemwona mtu aliyekumbuka kubeba nguo kavu ya kumvika mtoto akitoka majini. Leo nataka tuzungumze juu ya nguo hiyo.

Najua wapo watakaocheka. Watasema: Sisi tunakaa kando ya Ziwa Viktoria, karibu kabisa na Ikweta, baridi itoke wapi? Baridi iko Makete na Lushoto. Nilipolisema jambo hili kwenye kliniki ya watoto, bibi mmoja aliniambia, "Mjukuu wangu, wewe hata mke huna. Sisi tumelea na kulea, na wote tumewaogesha ziwani." Akina mama wakacheka, nami nikacheka. Ni kweli sina mtoto, na cheti changu bado hakijachakaa. Lakini niliyoyaona mwezi wa Julai mwaka jana hayakunichekesha.

Aliletwa zahanati mtoto wa kiume wa miaka 3, juu ya baiskeli ya mjomba wake. Alikuwa mwembamba, ametoka kuugua kuhara wiki iliyotangulia. Tangu asubuhi alikuwa mwaloni na mama yake mdogo. Mama mdogo alikuwa akifua, naye akicheza majini na wenzake. Nguo zake zote zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa juu ya mawe. Mchana upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani. Mama mdogo akamvalisha shati lile lile bichi, akambeba kwa kanga iliyolowa, wakaanza safari ya kurudi nyumbani, mwendo wa saa moja na zaidi. Njiani mtoto akanyamaza, akalegea. Wakadhani ni degedege, wakammwagia maji kichwani.

Nami nakiri kosa langu. Nilipomwona amelegea na haitiki akiitwa, niliwaza malaria, nikamtoboa kidole kupima. Hakuwa na malaria. Ndipo nilipoweka mkono tumboni mwake, nikakuta tumbo ni la baridi. Kipimajoto nacho hakikupanda. Zebaki ilibaki chini kabisa penye nyuzi 35, maana kipimajoto cha aina hiyo hakisomi chini ya hapo.

Tulimvua shati tukamkausha. Mama mdogo akafungua gauni lake, tukamlaza mtoto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, tukawafunika wote wawili kwa blanketi na kukifunga kichwa cha mtoto kwa kitambaa. Alipoweza kumeza vizuri tukampa maji ya sukari kidogo kidogo, kisha uji. Baada ya muda akaanza kutetemeka. Mama mdogo akaogopa, lakini mimi nilifurahi, kwani kutetemeka ni njia ya mwili kujitengenezea joto. Jioni alikuwa akidai ndizi. Sikumpa kidonge hata kimoja.

Sasa tutazame sababu. Kila mmoja wetu anaujua mtungi wa maji ya kunywa. Ukiuweka kivulini penye upepo, maji yake huwa ya baridi kuliko hewa iliyouzunguka. Hii ni kwa sababu maji hupenya polepole katika udongo na kutokeza nje, na upepo unapoyakausha yanaondoka na joto la mtungi. Mtoto aliyevaa shati bichi penye upepo ni kama mtungi huo. Shati linapokauka, linakausha kwa joto la mwili wake. Kwa hiyo mtoto aliyekaushwa akakaa uchi ana afadhali kuliko aliyevishwa shati bichi ili asionekane uchi.

Maji yenyewe pia hula joto. Maji ya ziwa letu huwa na nyuzi 24 hadi 27 hivi, na ukitia mguu unaona ni vuguvugu. Lakini mwili wa mtoto una nyuzi 37, na maji huondoa joto mwilini haraka mara nyingi kuliko hewa. Mtoto mdogo ndiye anayepoa upesi zaidi, kama kikombe cha chai kinavyopoa kabla ya sufuria. Mwembamba, aliyetoka kuugua au mwenye utapiamlo hupoa upesi kuliko wote, kwa sababu hana mafuta mwilini wala nguvu ya kutetemeka. Tusisahau pia kwamba ziwa hili liko juu, mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wake si wa mchezo. Wavuvi wanaujua, ndiyo maana wao huvaa makoti.

Sisemi watoto wasiende ziwani. Wanaokaa kando ya maji bila kujua kuogelea wako hatarini zaidi, na baba anayemfundisha mwanawe kuogelea, akiwa naye karibu kiasi cha kumshika, anafanya kazi nzuri. Ninachokataa ni desturi ya kumwacha mtoto majini mpaka kazi ya kufua iishe. Aoge yeye kwanza. Robo saa inamtosha mdogo. Hatakuambia anasikia baridi. Atalia ukimtoa, atakuambia bado. Usimsikilize. Tazama midomo na kucha zake: zikibadilika rangi, au ngozi ikifanya vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, au akianza kutetemeka, umekwisha kuchelewa kidogo. Akiacha kutetemeka akawa mzito na mwenye usingizi kabla hajapashwa joto, hiyo ni hatari.

Najua ugumu uko wapi. Nyumba nyingi mtoto ana shati la kuvaa na la kubadili, basi. Safari ya maji ni ndefu, hivyo mama anataka yote yafuliwe siku moja. Mimi nasema shati moja libaki chafu. Libaki chafu na kavu, lifuliwe safari nyingine. Hakuna mtoto aliyeletwa kwangu amelegea kwa sababu ya shati lenye vumbi. Kama hata hilo hakuna, kitenge kimoja kikavu kikae ndani ya ndoo yenye mfuniko, kisiguswe kwa kazi nyingine mpaka mtoto atoke majini. Na wewe baba uliyekuja na koti, mvike mtoto. Linamfika miguuni, hiyo ndiyo faida yake. Anza kukausha kichwa, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa mwili wake na joto jingi hupotelea hapo. Kausha masikio kwa ncha ya kitambaa, usiingize kijiti. Kumpaka mafuta ni vizuri kwa ngozi, lakini mafuta si nguo.

Wengine wakifika nyumbani humweka mtoto aliyepoa karibu na jiko la mkaa na kufunga mlango. Hapana. Moshi wa mkaa usioonekana umeua watu wamelala, na mtoto mwenye ganzi huungua bila kusikia. Kifua cha mama, au cha baba, kinatosha.

Watoto wachanga wasipelekwe ziwani kabisa. Aliyezaliwa leo asiogeshwe mpaka zipite saa 24. Akaushwe tu na alazwe kifuani kwa mama yake. Wale wanaotambaa waogeshwe nyumbani kwa maji ya vuguvugu, penye kinga ya upepo. Hapo utamwepusha pia na kichocho, ugonjwa ambao babu na bibi zetu walifundishwa katika vikundi vya redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, na bado tunao. Maji ya ziwa yaliyokaa ndani ya pipa siku 2 bila konokono hayana tena vimelea hai vya kichocho. Ila asije mtu akasema nimefundisha kwamba kujifuta kwa kitambaa kunazuia kichocho. Vimelea huingia katika ngozi mtu akiwa bado majini, na huwa wengi zaidi mchana jua likiwa kali. Watoto wa shule wanapogawiwa dawa ya kichocho, waacheni waimeze.

Neno moja zaidi, juu ya homa ya mapafu. Mtoto akikohoa baada ya kuoga, watu husema baridi imemwingia kifuani. Homa ya mapafu huletwa na vijidudu, na mtoto anaweza kuipata hata kama hajagusa maji. Kwa hiyo usikae nyumbani ukimlaumu mama yake. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, au kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, mlete zahanati saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Aliye chini ya miezi 2 mlete bila kungoja kuhesabu. Najua mama hupenda kumwogesha mtoto kwanza ili asije kwa mganga akiwa mchafu. Usimwogeshe. Mfunge kitenge kikavu, umlete hivyo alivyo.