Mimba sio kosa la nidhamu. Binti akitaka udaktari, mwacheni aombe

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita tuliongea habari za uji wa mtoto wa miezi sita. Leo naweka uji pembeni, nataka kubishana.

Kuna maneno nayasikia kliniki kila siku ya kupima watoto uzito. Binti amekaa na mtoto wake mgongoni, umri wake miaka 17 au 18, unamuuliza anataka kufanya nini mbele, anasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kuwa daktari." Hajamaliza, mama wa pembeni anamjibia: "Daktari gani tena? Si ulifukuzwa shule? Kule wanaangalia rekodi." Basi binti anainamisha kichwa, na mazungumzo yameishia hapo.

Nasema hivi: huo ni uongo, na unaotuumiza sisi wenyewe. Mnawafungia watoto wenu mlango ambao serikali yenyewe imeshaufungua.

Tuanze na hiyo rekodi inatoka wapi. Tuna kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu. Zinasema mwanafunzi anaweza kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, au akifunga ndoa. Neno mimba halimo kwenye orodha hiyo. Mimba iliingizwa humo na watu, wakaipa jina la "maadili", na miaka ikapita mpaka ikawa kama amri iliyoshuka. Halafu tarehe 22 Juni 2017, Rais Magufuli akiwa Chalinze akatamka kwamba katika utawala wake hakuna mwenye mimba atakayerudi shule. Baada ya hapo hata mwalimu mkuu aliyekuwa na huruma alifyata.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, warudi kwenye mfumo rasmi. Ukatoka Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2021. Kwa hiyo tangu mwaka huo mwenye kumwambia binti "ukishazaa basi" anasema la kwake, sio la serikali.

Na bado wapo. Ninamjua binti wa mtaa wa jirani, simtaji wala shule yake siitaji. Alipata mimba kidato cha tatu, mwaka 2022, waraka umeshatoka. Mama yake akaitwa, akapewa barua, wakaambiwa waende. Mama anauza machungwa stendi, hajui mambo ya waraka. Ile barua ameitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, kwa sababu aliambiwa chuo chochote binti atakachoenda wataidai. Yaani mama anatunza kwa uangalifu mkubwa karatasi inayomzuia mwanawe! Nilimuuliza nani kamwambia chuo kitaidai. Akasema, "Watu."

SEHEMU YA 2

Nimeona maoni ya sehemu ya kwanza. Wengi mmeuliza la maana, wachache mmetukana, tuendelee.

Hawa "watu" hawajui chuo cha afya kinaangalia nini. Mimi nimepita huko. Maombi ya diploma ya uuguzi na ya utabibu yanapitia mfumo wa pamoja wa NACTVET. Unaanza na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na mwaka uliofanya. Unachopimwa nacho ni ufaulu: pasi nne, na humo ndani Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwepo. Anayetaka shahada ya udaktari moja kwa moja anahitaji kidato cha sita, pasi kuu za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Na kuna njia ya kuzunguka ambayo wazazi wengi hawaijui: binti anasoma utabibu diploma miaka mitatu, akifaulu vizuri, na zile sayansi za kidato cha nne anazo, anaweza kuomba shahada ya udaktari kwa kutumia diploma. Shahada ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Ndefu, ndio. Lakini aliyezaa na miaka 17 akianza na 20 bado atakuwa kijana.

Kwa hiyo kinachomkwamisha kweli yule binti wa machungwa sio barua. Kinachomkwamisha ni kwamba hana Fizikia na Kemia, kwa sababu alitolewa darasani kabla hajazimaliza. Mkiongelea "rekodi" kila siku, tatizo lenyewe halionekani. Miaka inakwenda, binti anauza vitumbua, na nyumba nzima inaamini amezuiwa na sheria.

Halafu tuje kwenye tabia, maana kuna dada kaandika kwamba nesi anatakiwa awe mfano, sasa aliyezaa shuleni atawafundisha nini wagonjwa. Dada yangu, kwenye takwimu za afya za taifa za mwaka 2022, wasichana 22 kati ya kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Hao ndio wagonjwa wangu. Leba ya Magunga, ya Handeni, ya Bombo, kote utawakuta. Akija mtoto wa miaka 16 anatetemeka, kitanda kimemzidi, nani atamshika mkono bila kumsimanga? Manesi wasimangaji mnawajua, mnawalalamikia kila siku hapa hapa kwenye ukurasa wangu. Leo amepatikana anayejua uchungu wa umri ule, mnasema hafai!

Na kijana aliyempa mimba? Mimba ya mwanafunzi ni kosa la jinai tangu marekebisho ya 2016, kifungo miaka 30. Kwenye karatasi ni kali kweli. Mtaani mnajua inavyokwenda: wazee wanakaa, hela inatoka, mambo yanaisha kimya, na kama alikuwa mwanafunzi mwenzake basi anaendelea na masomo. Cheti chake cha shule kwenye ule mstari wa tabia kinaandikwa nzuri. Huyu kesho anaomba udaktari na hakuna atakayemuuliza. Kitendo walifanya wawili, faili likafunguliwa la mmoja. Mkisema mnalinda maadili ya taaluma, basi anzeni na huyo.

Kidogo niseme na wauguzi wenzangu. Kuna shule bado zinatuita twende na boksi la UPT tupime wasichana foleni nzima, na nimeona fomu za kujiunga na vyuo zenye sehemu ya kujaza majibu ya kipimo cha mimba. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ipige marufuku kupima mimba kwa lazima mashuleni na kwenye vituo vya afya. Jibu la kipimo ni siri ya mgonjwa. Ukimkabidhi mwalimu mkuu karatasi ile hujafanya uuguzi, umefanya upolisi. Tukatae.

SEHEMU YA 3

Baba mmoja kaniuliza swali zuri: "Kwa hiyo nesi unataka chuo cha udaktari kichukue kila mtu, hata mwizi?"

Hapana baba. Kosa ni kosa. Mwanafunzi aliyeiba mtihani, aliyempiga mwalimu, aliyechoma bweni, huyo ana jambo la kujibu, na mimi mwenyewe nisingependa anichome sindano mtu aliyezoea kudanganya majibu. Kwenye kazi yetu ukidanganya dozi, mtu anakufa. Lakini hata huyo nitataka asikilizwe: alikuwa na umri gani, alifanya nini baada ya pale. Kutoroka uzio kwenda kuangalia mpira kidato cha pili sio sawa na kuvujisha mtihani, ila mstari wa tabia kwenye cheti unaweza kuyaandika yote kwa neno moja: mbaya.

Na msisahau kwamba taaluma ina chujio lake. Mtu hapiti tu kutoka fomu ya maombi mpaka leba. Kuna miaka mitatu ya darasani na wodini mkufunzi akikuangalia mikono, kuna mtihani wa leseni, kuna Baraza la Uuguzi na Ukunga linaloweza kukufutia usajili ukiwa umeshazeeka kazini. Mwenye tabia mbovu ana sehemu nyingi za kunaswa. Kulikuwa hakuna haja ya kumchuja binti kwa tumbo la mwaka juzi.

Kuna jambo lingine na hili mlichukulie kwa uzito. Mlango halali ukifungwa, watu wanatafuta dirisha. Mnakumbuka ule uhakiki wa vyeti? Tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais alikabidhiwa ripoti: watumishi wa umma 9,932 wana vyeti vya kughushi. Na kulikuwa na vyeti 1,538 vilivyokuwa vinatumiwa na watu 3,076. Cheti kimoja, watu wawili! Sisemi wote walikuwa mabinti waliofukuzwa, wala siwatetei. Ila tabia ya "chukua jina la dada yako ukasome" ipo, na mama anayemshauri mwanawe hivyo kwa sababu ya kuogopa rekodi anamtoa kwenye aibu ya bure anamtia kwenye jinai. Asome kwa jina lake.

Basi nini kifanyike. Kama binti ametoka shule hivi karibuni, mkimbize arudi, msingoje mtoto atembee. Utaratibu wa waraka umeweka ukomo wa miaka miwili tangu alipokatiza, na siku zinahesabika huku nyie mnaona haya. Hahitaji kurudi shule ile ile kama kuna watu wanaomcheka, ombeni uhamisho.

Kama muda umepita, kuna madarasa chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na kuna kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyefaulu mtihani wa kidato cha pili kabla ya kutoka halazimiki kuanza na QT, anajisajili kidato cha nne moja kwa moja. Wengi wanapoteza mwaka mzima hapo kwa kutokujua. Lakini kwa anayetaka afya, kabla hujalipa hata shilingi kwenye kituo chochote, uliza: mnafundisha Fizikia na Kemia? Maabara iko wapi, naomba niione. Vituo vingi vya mtaani vinapenda masomo ya sanaa kwa sababu hayahitaji vifaa. Binti anapata pasi zake nne nzuri kabisa, Uraia, Historia, Kiswahili, Jiografia, halafu mfumo unamkataa, na nyie mtasema tena "si tulisema, rekodi".

Bibi na shangazi, mtoto mchanga mbebeni nyie saa za masomo. Anayenyonyesha akamue maziwa asubuhi, yanakaa kwenye chombo safi chenye mfuniko sehemu ya baridi, saa nne yanafaa bila friji. Nitaandika vizuri jinsi ya kukamua wiki ijayo.

Na wewe mama wa machungwa, najua binti yako ananisoma. Ile barua usiichome, lakini sio ya kupeleka chuoni. Jumatatu nipo zamu ya usiku, mchana nina nafasi. Njoo nayo, twende wote kwa afisa elimu pale halmashauri, atueleze kwa nini iliandikwa mwaka 2022.