Huko wanapima ua, huku wanapima mifuko yetu

Tuseme wazi tangu mwanzo, juu kuna wenye watasoma kichwa tu na kukimbia kuandika kwamba tunahubiri bangi. Hapana. Hatumwambii mtu avute. Kijana wa miaka 16 mwenye anavuta kila siku anachezea ubongo wenye haujamaliza kujengwa, na kuna wenye bangi kali imewaharibu akili. Familia zao zinajua uzito wake. Lakini kunyamaza nako si dawa. Kwa hii maneno ya bangi, nchi yetu imechagua kitu kimoja tu, kukamata, na kukamata kwenyewe kumegeuka biashara.

Wengi wenu mumeona kwenye simu zile video za watu wa Canada wanalima bangi ndani ya chumba. Hema nyeusi, lampi, ventilateri, na mwenyewe anajigamba: yangu ni bio. Haibi. Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya Canada inaruhusu mtu mzima kuvuta, na katika majimbo mengi nyumba moja inaweza kuwa na miche 4. Tumeona vema tueleze hiyo kazi, zaidi yale majuma ya mwisho ya ua, juu hapo njo utaelewa tunalilia nini.

Mmea wa bangi unahesabu usiku. Ukiupa mwanga masaa 18 kwa siku, unaota majani tu. Siku unashusha mwanga mpaka masaa 12, na giza masaa 12, unaanza kutoa maua. Kutoka hapo mpaka kukata ni majuma 8 mpaka 10, kufuatana na aina. Mlimaji wa bio hana mbolea ya chupa: udongo wake ameutayarisha mbele ya kupanda, komposti na mavi ya minyoo, na wadudu wadogo wa udongo wanamfanyia kazi. Majuma 2 ao 3 ya mwisho anatia maji tu. Anaacha majani makubwa yageuke manjano, juu mmea unakula akiba yake, na kila siku anachungulia maua na kioo cha kukuza. Vichembe vya utomvu vinakuwa kwanza wazi sawa vile maji, kisha vyeupe sawa vile maziwa, mwishoni vinaingia rangi ya asali. Njo anajua siku ya kukata imefika.

Inaonekana rahisi, lakini wakati huo maua ni mazito, yameshikana, na hewa ya chumba chenye kimefungwa inajaa unyevu wa majani. Ikizidi, kuvu ya kijivu inaozesha ua kutoka ndani. Inje unaona uzuri, unapasua unakuta uozo. Kuna na ukungu mwingine, mweupe sawa vile unga wa muhogo juu ya majani. Kwa hiyo ventilateri zinazunguka usiku na mchana, na mashine inakausha hewa mpaka unyevu ushuke kwenye asilimia 40 ao 50. Na sheria ya bio ya kweli iko hivi: wakati huo hupulizi kitu juu ya ua. Hata mafuta ya mwarobaini, hata salfa, vyenye vinakubaliwa kwa kilimo cha bio. Nyanya utaosha kwa maji. Ua la bangi haliendi kwa maji, linaenda kwa moto, na moshi unaingia kwenye mapafu.

Hapa njo mlimaji anajaribiwa. Amelipa umeme miezi 3 ao 4, ukungu umeonekana, mavuno yamebakisha siku 10, na chupa ya dawa iko pale kwenye rafu.

Mwisho wa 2016 na mwanzo wa 2017, wakati Canada ilikuwa bado inaruhusu bangi ya wagonjwa tu, kampuni zenye zilikuwa na ruhusa ya Leta zilikutwa na miklobutanili ndani ya bidhaa zao. Ni dawa ya kuua ukungu, inapulizwa kwa mizabibu. Ikichomwa inatoa sianidi ya hidrojeni, na hiyo ni sumu. Moja ya hizo kampuni, ya mji wa Moncton, ilikuwa na cheti cha bio! Bidhaa zikaitwa zirudi, cheti kikasimamishwa, wagonjwa wakaenda mahakamani.

Wakanada walidanganywa sawa vile mtu yeyote anaweza kudanganywa sokoni. Lakini walikuwa na laboratware ya kupima, walikuwa na ofisi ya kuagiza bidhaa zirudi, na mgonjwa alikuwa na haki ya kusimama mbele ya juji bila kuogopa kwamba yeye njo atafungwa. Hata neno bio linahitaji sheria. Marekani, sheria ya nchi nzima inakataza kuandika bio juu ya bangi kwa sababu serikali ya Washington haijaihalalisha. California ikatunga jina lake lenyewe, OCal, ili mnunuzi ajue shamba limekaguliwa.

Sasa turudi kwetu. Butembo iko karibu kabisa juu ya ikweta. Mchana masaa 12, usiku masaa 12, mwaka mzima. Kile chenye Mkanada analipia lampi na saa ya kuzima na kuwasha, huku jua linakitoa bure kila asubuhi. Watafiti wa Colorado waliandika katika 2021 kwamba kilo moja ya maua makavu yenye yamelimwa ndani Marekani inatoa gesi za kuchoma hewa sawa na kilo 2,283 mpaka 5,184 za kaboni, kufuatana na mahali. Kwa kilo moja! Hiyo njo bio ya chumbani. Na sisi, mtu 1 tu kwa 5 katika Congo ana umeme, na huyo mmoja mwenyewe anajua delestaji.

Kwa hiyo bangi yetu ni safi zaidi? Hakuna mwenye anaweza kukujibu. Inatoka porini ao shambani, imekauka juu ya bati ao kando ya moshi, imepita kwa mikono mingapi, na pengine kuvu ilishaiingia njiani. Pesa yake pia haina mwenye anaipima: ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zilishaandika kwamba FDLR walikuwa wanapata mapato kwa bangi. Tumekataza mmea, biashara yake tukawaachia wenye bunduki.

Na mwenye kulipa amandi ni nani? Mnajua jibu. Kijana wa moto, wa kadi za simu, mwenye kusukuma chukudu, anakutwa na kipande kidogo kwenye mfuko. Ao hakikuwa kwenye mfuko wake. Hakuna karatasi yenye inaandikwa. Simu inachukuliwa, mama anapigiwa, anaambiwa alete dola hii na hii mbele ya jioni, na bei inafuata viatu vya mtoto. Mama akileta, faili halijawahi kuwepo. Asipoleta, mtoto analala kwenye kasho na wezi wa silaha, na akitoka huko ameshajifunza kitu kibaya kushinda bangi. Hatujaona mtoto wa mkubwa katika hiyo mistari.

Wenye wanasema hii mmea ililetwa na watoto wa leo wenye wamepotea, waulize historia ya Kasai. Katika karne ya 19 kulikuwa na Bena Diamba, na bangi ilikuwa kwao alama ya urafiki na amani. Hatusemi turudi huko. Tunasema jambo ni la zamani na linaomba watu wazima walizungumuze.

Majirani wetu wameshaanza, na kwa njia yenye inatutisha kidogo. Tarehe 2 Desemba 2020, huko Vienna, kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura 27 kwa 25 kutoa bangi katika orodha ya madawa makali kabisa yenye hayana faida kwa mgonjwa. Rwanda ikaweka kanuni za kulima bangi ya dawa na kuiuza inje, na shamba likatengwa Musanze, kwenye milima ileile yenye watu wa Goma wanaiona kutoka nyumbani. Raia wa Rwanda akivuta, anafungwa palepale. Ng'ambo ya Kasindi, huko Kasese, kampuni ilishalima kwa ajili ya soko la inje. Mnaona njia yenye inachorwa? Ua linaruhusiwa kama lina mwekezaji, linakatazwa kama liko kwa mkono wa mkulima. Sisi wa Congo hiyo hadithi tunaijua kwa koltani na kwa dhahabu. Siku moja mtasikia kwenye redio kwamba kampuni fulani imepewa hekta kwa bangi ya bio, mkataba umeshasainiwa, na mkulima wa Lubero atajua wakati trakteri imefika.

Kwa hiyo tunaomba wabunge wetu walete hii maneno mezani mbele ya hiyo siku. Mkataba wowote wa bangi ya dawa uchapishwe wote, na vyama vya wakulima wadogo vipewe nafasi mbele ya kampuni. Kukutwa na kiasi kidogo kutoke kwenye kasho kuende kwa daktari na mshauri. OCC inapima bidhaa kwenye mipaka. Ipewe kazi na vyombo vya kupima na hii, ili daktari wa hospitali ajue mtoto mwenye ameletwa usiku anatetemeka amevuta nini hasa. Na kwa shule, watu waende wafundishe kwa lugha yenye watoto wanasikia, bila fimbo na bila uongo, juu ukimdanganya mtoto kwa bangi hatakuamini kwa tramadol.

Mpaka hapo, kila mmoja ashike kifungu cha 18 cha Katiba kichwani. Mwenye amekamatwa lazima aambiwe mara moja sababu, kwa lugha yenye anaelewa. Haki ya kuwasiliana na familia ao avoka ni yake. Hawezi kubaki mikononi mwa polisi kupita masaa 48. Kisha hapo aachiliwe ao apelekwe mbele ya mwenye mamlaka. Wakikuomba pesa bila karatasi, usipigane na usitukane. Shika jina kama liko kwenye shati, saa, mahali, kiasi chenye wameomba, na ulete kwa kamati yetu ya mji wako. Tunajaza daftari, na daftari hilo tutalipeleka kwa parke na kwa wabunge.