Wiki ya ufukweni, deni la kila mwaka

Wanandoa wasio na watoto, wenye duka au kahawa Murusagamba, wanaweza kuvutwa na mkataba wa kununua wiki moja ya kila mwaka katika nyumba ya mapumziko pwani. Ada ya shule hawana, kwa nini wasistarehe? Wastarehe, ila walipie chumba siku wanapokwenda. Pwani ni zaidi ya kilomita 1,000, nauli ni juu yao, na wiki yenyewe huweza kuangukia mavuno. Ada ya matunzo hudaiwa kila mwaka, uende usiende, hata bei ya kahawa ikianguka. Kuuza tena ni kazi. Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi siku 14 za kughairi. Kabla ya saini waulize: mkataba unakoma lini, na tukifa nani atadaiwa? Jibu liwe la maandishi.